Gari Lisiloonja Chumvi

Nyumbani kwa dada yangu Delphine hapakuwahi kuwa na gari zuri, na mumewe alikuwa fundi wa magari. Mganga hajigangi. Norbert Szafran alikuwa na gereji ya bodi karibu na reli, hapa Bay City, na ukiondoa mapambo, kazi yake maisha yote ilikuwa moja: kukata kutu kwenye magari ya watu, kuchomelea bati jipya, kuziba mashimo kwa puti, kupulizia rangi, halafu kumkabidhi mwenyewe akijua kwamba atamwona tena.

Maana huku Michigan theluji ikianguka, malori ya serikali hutoka kumwaga chumvi barabarani ili watu wasiteleze. Kuanzia Novemba mpaka Aprili tunaendesha juu ya chumvi. Inaingia chini ya gari, inatulia, inakula. Juu rangi inang'aa. Bonyeza kidole, kinazama. Norbert aliichukia chumvi kama watu wengine wanavyomchukia mkwe. Sikumbuki Krismasi hata moja ambayo hakuitaja mezani.

"Chumvi haina huruma, shemeji," alikuwa akisema.

"Basi mbona umeniomba nikupitishie ya kutia kwenye pierogi, maandazi yako ya viazi?"

"Hiyo inaniua mimi. Mimi si kitu. Ile nyingine inaua gari."

Tulicheka. Shemeji ni mtu wa kutaniwa, na mimi Arlene sijawahi kumnyima mtu haki yake.

Dada yangu alipanda pikapu ya Norbert zaidi ya miaka thelathini, miguu juu ya sanduku la spana, kwa sababu sakafu upande wake ilikuwa na tundu na barabara ilionekana ikikimbia chini. Alikuwa mpishi wa shule. Alikwenda kazini ananukia tina ya rangi na kurudi ananukia kitunguu. Mungu hakuwajalia watoto, na Delphine hakuwa mwanamke wa kuomba vitu. Lakini tangu usichana wetu alitaka kitu kimoja cha kipuuzi, nami nilikuwa nikimcheka kwacho: kukaa kwenye kigari kidogo cha spoti kisicho na paa, chini kabisa karibu na lami, upepo umvuruge nywele, aende mtoni na kurudi bila shughuli yoyote.

Norbert alipouza gereji na kustaafu, alimwambia mbele yangu, jikoni kwao, "Delphi, tununue gari la pili. Pikapu ibaki ya matope, hili liwe la raha tu. Chagua wewe."

Dada yangu alikuwa anamenya viazi. Aliweka kisu chini. "La viti viwili?"

"La viti viwili."

"Na Arlene atakaa wapi?"

"Arlene ana miguu," akasema Norbert.

Ndivyo ulivyoanza mwaka wa kuchagua. Nasema mwaka, na naona uchungu kusema. Watu wengine hununua nyumba kwa muda mfupi kuliko ule.

Kwanza Norbert, ambaye alikuwa amesema "chagua wewe," alichagua yeye. Alitupeleka kuona gari la ujana wake, refu, injini ya silinda nane, boneti kama uwanja wa ndege. Delphine aliingia upande wa abiria, akaketi na mkoba mapajani, akatazama mbele.

"Unalionaje?" Norbert akauliza.

"Kama sofa ya mama yako."

"Hiyo ni injini ya kufa mtu!"

"Injini utaisikiliza wewe. Mimi naomba kuona barabara."

Akatoka. Wakaliacha. Baadaye akaja na picha aliyoikata gazetini: kigari cha Kijapani, cheusi, paa la kukunja, gia za mkono. Nikamwambia baba yetu atageuka kaburini, maana kwa miaka yote aliyofanya kazi kwenye kiwanda cha magari hakukubali gari la kigeni lipite hata kwenye uchochoro wetu. Norbert akanijibu kwamba kutu haina uraia, na kama kigari hicho kina bodi safi yeye atakinunua hata kama kimeundwa mwezini.

Bodi safi. Hapo ndipo penye neno.

Kila tulikokwenda, Delphine alikuwa anakaa kwenye kiti cha abiria, anajaribu kama anaweza kuweka kiwiko nje, na Norbert yuko chini ya gari kifudifudi au chali, na tochi mdomoni na sumaku aliyoivisha soksi isikwaruze rangi. Sumaku ikishika, hilo ni bati. Isiposhika, kuna puti, na chini ya puti kuna uongo wa mtu. Wauza magari walimwona akija wakaanza kukumbuka kazi nyingine. Aliyakataa magari mengi mno. Nikamwambia, "Shemeji, mchagua nazi hupata koroma." Akasema koroma halina kutu.

Kulikuwa na moja, mwezi wa Agosti, kwa mama mmoja mjane huko Pinconning. Jekundu lililoiva. Mama yule alimpa Delphine funguo tu, bila maswali, na dada yangu, ambaye hakuwa anajua gia za mkono, alikaa upande wake wa abiria akashusha paa mwenyewe. Nilimwona uso. Sikuwahi kumwona hivyo tangu siku ya harusi yake, na siku ya harusi alikuwa na mafua.

Norbert akatoka chini akijifuta magoti. "Hapana."

"Nini tena?" nikauliza.

"Chini ya mlango. Doa."

"Kubwa?"

Akaonyesha ukucha wa kidole chake cha mwisho.

Delphine akamwita kutoka ndani ya gari, hakuwa amekasirika hata kidogo. "Norbi. Hata mimi nina madoa. Twende nalo."

"Doa la ukucha mwaka huu, mwaka wa tatu ni ngumi. Nimefanya kazi hii, Delphi. Nataka upate moja ambalo halijawahi kuonja chumvi. Moja tu. Nimekupandisha bati bovu maisha yako yote."

Alisema kwa mapenzi. Hilo lazima niliseme, maana nikiendelea mtadhani mtu huyu hakuwa na moyo. Dada yangu akapandisha paa, akamrudishia mama yule funguo. Barabara siku hiyo ilikuwa kavu na safi, na jua lilikuwa bado juu.

Gari lenyewe alilipata Arizona, jangwani, kwa njia ya simu. Jeusi, kama la picha ya gazeti. Lililetwa juu ya lori mwishoni mwa Novemba, na theluji ya kwanza ilikuwa imeshaanguka, na chumvi ya kwanza ilikuwa imeshamwagwa. Norbert hakukubali matairi yaguse lami. Alitoa mazulia ya zamani ya nyumbani, akayatandika kuanzia ngazi ya lori mpaka ndani ya banda lake la gari, na dereva wa lori akashika mbavu kwa kucheka.

"Mzee, hili ni gari au bibi harusi?"

"Lishushe polepole," Norbert akasema.

Delphine alisimama barazani na koti juu ya vazi la kulalia, anapiga makofi. Lilipoingia bandani, akaenda akakaa. Norbert akakaa upande wa usukani. Mlango wa banda ulikuwa umefungwa, mbele yao ukuta wenye misumeno na mpira wa kumwagilia bustani.

"Tunakwenda wapi, bi mkubwa?" Norbert akamuuliza.

"Mtoni. Na usiende mbio, nina skafu kichwani."

Wakakaa hapo kama watoto. Niliwaacha nikaenda kutazama mchuzi wao usiungue.

Januari dada yangu akaanza kuwa manjano. Macho kwanza, halafu viganja. Ilikuwa saratani ya kongosho. Daktari, kijana mpole, alituambia kwamba wamechelewa kuigundua, kwamba ugonjwa huo ndivyo ulivyo, unajificha, na kwamba huenda Delphine akaiona Pasaka na huenda asiione. Norbert alimuuliza kuhusu dawa. Daktari akazitaja. Norbert akauliza tena, kama mtu anayedhani kuna duka jingine. Njiani kurudi alizungumza habari za betri ya gari, kwamba ameitoa kwenye gari na kuiweka jikoni isigande, na kwamba mafuta ameyatia dawa yasiharibike yakikaa. Dada yangu alikuwa akiitikia, "Eeh. Vizuri. Vizuri, Norbi."

Mwezi wa Februari ndipo alipomwomba. Nilikuwepo, namsuka.

"Mume wangu, nitembeze na gari letu. Mpaka darajani tu, tuone mto, turudi."

"Nitakutembeza."

"Lini?"

"Mvua mbili, Delphi. Mvua ya kwanza inalegeza, ya pili inaosha. Aprili mapema hivi. Utavaa ile skafu."

Huo ndio mwiko wa huku, na si wake peke yake. Mwanamume yeyote wa Bay City mwenye gari la kiangazi atakwambia: halitoki mpaka mvua mbili kubwa zioshe barabara. Ijumaa za Kwaresima tulikuwa tukila samaki wa kukaanga ukumbini kanisani, na wanaume walikuja mezani kwa Norbert, wakamshika bega, wakauliza kwanza hali ya mkewe, halafu hali ya gari.

"Bado liko bandani?"

"Bado."

"Usithubutu kabla ya mvua mbili," wakasema, na nyuso zao zilikuwa za watu wanaotoa rambirambi. Hakuna hata mmoja aliyeunganisha yale maswali mawili. Nilikuwa nawatazama wanavyotafuna nikatamani kupindua meza.

Kisha katikati ya Machi ikaja siku moja ya jua. Mnazijua siku hizo. Baridi imelegea, theluji imeondoka, barabara kavu mpaka inang'aa. Delphine alikuwa bado anatembea kwa kushika ukuta. Alikuwa amevaa. Alikuwa amejipaka rangi ya mdomo. Nikaenda bandani nikamkuta Norbert anafuta gari ambalo halikuwa na vumbi.

"Litoe," nikamwambia.

"Barabara haijaoshwa."

"Kavu kabisa! Nimekuja kwa miguu."

Akachukua kitambaa chenye maji, akatoka mpaka barabarani, akapiga magoti, akasugua, akarudi nacho. Kilikuwa cheupe. "Tazama. Hii ni unga. Inapanda juu na matairi, inaingia kila mahali."

"Utaliosha!"

"Haioshwi yote."

"Norbert, ni bati! Unamnyima dada yangu kwa sababu ya bati?"

Nilipiga kelele. Sikujali jirani. Yeye hakupiga kelele. Alikunja kile kitambaa mara nyingi mpaka kikawa kidogo kama sanduku la kiberiti.

"Si bati, Arlene," akasema. "Nikilitoa leo nitakuwa nimesema nini? Mtu analipeleka gari kwenye chumvi kwa sababu gani? Kwa sababu hakuna Aprili. Nikilitoa leo nimemwambia kwamba hakuna Aprili. Mimi siwezi. Mwambie wewe."

Hapo nilipotaka kumjibu nikasikia mlango wa jikoni. Delphine alikuwa amesimama pale, na skafu yake shingoni. Alikuwa amesikia.

"Arlene, ingia ndani," akasema. "Utapata baridi."

Nikamketisha. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo ninayo mpaka leo nikiandika. Nikamwambia, "Mwamuru. Sema tu nataka sasa hivi. Atalitoa."

"Najua atalitoa."

"Basi?"

"Basi nitakuwa nimemwambia kwamba nakufa. Hajaniuliza bado, Arlene. Mwenzangu hajaniuliza." Akafungua skafu, akaikunja. "Aliposema vile kuhusu Aprili, nilimpenda. Lakini nilitaka kwenda. Usidhani sikutaka. Nilitaka sana."

Akalia kidogo, akajifuta rangi ya mdomo kwa kiganja, akaniomba chai.

Hivyo wakangojeana, kila mmoja anamlinda mwenzake asijue jambo ambalo wote walilijua. Watu husema subira huvuta heri. Norbert alikuwa akilisema hilo. Nami nilimjibu kila aliposema: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mvua ya kwanza ilikuja Machi inakwisha, ya upepo, ya kumwaga. Ilipokatika nikamwona Norbert kupitia dirisha. Ametembea mpaka katikati ya barabara, ameinama, amepitisha kidole kwenye lami, halafu amekitia mdomoni. Mtu mzima, barabarani, analamba barabara. Akatema. Akarudi ndani akatikisa kichwa. Delphine, ambaye sasa alikuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali tulichokiweka sebuleni, akasema, "Bado kidogo, siyo?"

"Bado kidogo."

Siku iliyofuata theluji ikaanguka tena. Theluji nyepesi, ya mzaha, iliyeyuka kabla ya mchana. Lakini alfajiri malori yalikuwa yameshapita. Norbert alisimama kwenye dirisha la jikoni akaitazama ile chumvi ya kahawia ilivyotawanyika mbele ya nyumba yake. "Tunaanza upya," akasema, na hakuwa anaongea nami.

Zilinyesha. Siwezi kuilaumu mvua. Aprili mvua zote mbili zilinyesha, moja baada ya nyingine, na kulipokucha baada ya ile ya pili Norbert alilamba kidole chake akakaa amekitia mdomoni muda mrefu, kisha akaja mbio. Nilikuwa sijamwona akikimbia. "Safi! Delphi, safi!" Akarudisha betri. Akashusha paa. Akaliwasha bandani, akalirudisha nyuma mpaka uani, jeusi, linang'aa, na ngurumo yake ilikuwa ndogo na tamu. Hata mimi niliipenda.

Lakini tumbo la dada yangu lilikuwa limejaa maji. Muuguzi aliyekuwa akija nyumbani alituambia wazi kwamba hawezi kuketi. Norbert alisema ni kiti tu, si safari ya mbali. Akamfunga kwa blanketi, akamwinua mwenyewe, akatoka naye nje. Delphine alikuwa amekuwa mwepesi isipokuwa lile tumbo. Nikafungua mlango wa gari.

Kiti cha gari lile kiko chini kama kigoda. Mtu lazima akunjike ndipo aingie. Norbert akajaribu kumwingiza kwa miguu kwanza. Akajaribu kwa mgongo. Akapiga magoti kwenye lami naye mikononi, akajaribu kumtelezesha kwa juu, kwa kuwa paa lilikuwa limeshushwa. Dada yangu hakupiga ukelele. Alikuwa ameuma midomo mpaka ikawa haina rangi, na jasho lilikuwa likimtoka kwenye baridi ile.

"Norbi," akasema. "Basi."

"Mara moja tena. Nimeona nilipokosea."

"Basi, mume wangu. Nirudishe."

Akasimama naye. Delphine akatoa mkono kwenye blanketi akaupapasa ukingo wa mlango, pale mtu anapoweka kiwiko. Halafu Norbert akamrudisha ndani, na mimi nikabaki nje na injini inaunguruma, sijui hata inavyozimwa. Alifariki kabla ya wiki kwisha, mchana, mimi namsomea rozari na Norbert yuko upande wa pili amemshika mguu.

Juni kanisa hufanya siku ya magari uwanjani. Wanaume huyapanga magari yao ya kiangazi, hufungua boneti, hukaa nyuma kwenye viti vya kukunja, na kila mmoja hulisifu la mwenzake ili lake lisifiwe. Wazee wa parokia walimfuata Norbert nyumbani wakamshurutisha alete lake, walidhani atachangamka. Akalileta. Mimi nilikuja kwa miguu.

Mwamuzi alikuwa mgeni, mtu mnene mwenye tabasamu, kutoka Saginaw. Alitandika boksi chini, akajilaza, akaingia chini ya gari na tochi. Alikaa huko sana. Tukamsikia akiwaita wenzake: "Njooni muone! Njooni! Chini kama juu! Hata doa!" Wakainama wote, makalio juu, wakitoa miguno ya kusifu.

Akatoka anajipangusa, akampa Norbert mkono. "Nimekagua magari miaka mingi, mzee, sijaona bodi kama hii. Na viti viwili! Mama lazima anafurahi kutembezwa, eh?"

Norbert alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kukunja. "Alikaa ndani," akasema. "Halikutembea."

"Kwa nini? Betri?"

"Chumvi."

Yule mtu akaitikia kwa kichwa, uso wake ukawa wa heshima kabisa. "Umefanya vizuri," akasema, akambandikia utepe wa ushindi kwenye kioo.